Hatua Tisa Kutoka Kwenye Sufuria

Mama mdogo alipotangaza kwamba pilau ya harusi ya mjukuu wake ndiyo itakuwa ya mwisho, ndugu zangu walianza kujiuliza nani atarithi masufuria. Mimi nilianza kutafuta lenzi.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea. Amepika kwenye shughuli za Mwananyamala miaka mingi kiasi kwamba wapo wanaume wenye mvi aliowapikia akika, akawapikia harusi, na sasa anawapikia harusi za watoto wao. Hajawahi kuwa na mizani wala saa jikoni. Ukimwambia wageni mia mbili anatikisa kichwa, ukimwambia mia nne anatikisa kichwa vilevile, na wote wanakula wakashiba. Lakini mwaka huu magoti yalimkatalia. "Mwiko bado naujua," alituambia. "Magoti ndiyo hayanijui tena."

Baada ya kikao kile nilipitia albamu za familia. Wapo mabibi harusi kumi na kitu, zipo keki, zipo sinia za pilau zilizopambwa kachumbari. Kuna hata picha ya mbuzi, amesimama kwa utulivu wa mtu asiyejua ratiba. Mpishi hayupo. Mama mdogo anaonekana sebuleni tu, jioni, ameshaoga na kuvaa, mikono juu ya magoti, uso umekaza kama anasubiri kusomewa mashtaka. Mama ninayemjua mimi, mwenye masizi kwenye kiwiko na khanga iliyofungwa kiunoni kama mkanda wa askari, hana picha hata moja duniani.

Sababu ni sheria yake. Kwenye kila shughuli anaweka pipa la maji kati ya mafiga na watu wengine, na asiyekuwa mpishi havuki pipa. Wapiga picha wa harusi wamejaribu na simu zao, na kamera zao, na maneno yao matamu. Wamerudishwa. "Wali una haya zake," huwaambia. "Ukikodolewa macho haukauki."

Nilipokuwa chuo kikuu niliandika insha ndefu kuhusu sheria hiyo. Niliiita mwiko, nikaieleza kwa nadharia tatu, mbili zikiwa za watu ambao nina hakika hawajawahi kupika kitu chochote. Nilipata alama nzuri sana. Mama mdogo mwenyewe sikumwuliza hata swali moja.

Safari hii angalau niliuliza.

"Mama, siku ya harusi nataka nikupige picha jikoni."

"Jikoni? Nipige sebuleni, nimevaa."

"Za sebuleni zipo. Nataka ukiwa kazini."

Alinitazama kama anavyotazama mchele wa duka geni. "Piga. Ila pipa usivuke."

"Kutoka kwenye pipa hutaonekana vizuri."

"Hilo ni lako na mashine yako, mwanangu. Mie nitakuwepo."

Kamera yenyewe ninayo, ya mtumba, na lenzi fupi iliyokuja nayo. Nilijaribu siku moja kwenye shughuli ya jirani: kutoka kwenye pipa, mama mdogo alitoka kama njiti ya kiberiti iliyovishwa khanga. Nilihitaji lenzi ya kuvuta mbali, na nilikuwa na laki mbili na nusu, malipo ya kuhariri ripoti ya watu fulani kuhusu vyoo. Nyumba yetu ya Madale ilizitaka hizo fedha kwa ajili ya dari, lakini dari limesubiri miaka saba na limezoea.

Nikaingia kwenye mtandao. Kwa wiki mbili nilitazama wanaume wamelala kwenye theluji wakiwapiga picha chui, wakiwa na lenzi kubwa kama chupa za chai. Kila usiku urefu nilioutaka uliongezeka. Nilianza na milimita mia mbili, nikapanda mia nne, nikafika mia sita, mimi ambaye mnyama wa mbali zaidi niliyepata kumpiga picha ni paka wa jirani. Mke wangu alichungulia skrini na kuuliza, "Hiyo ni ya kumpiga mama mdogo au mwezi?"

Duka nililoelekezwa liko Kinondoni, chumba kimoja chenye bango la picha za pasipoti. Mwenye duka ni mwanamke wa rika langu, wa familia ya Kiarabu iliyouza bidhaa mtaani hapo tangu enzi za babu yake. Baba yake alifungua studio, yeye akairithi, na studio zilipokufa moja baada ya nyingine yeye akaanza kununua na kuuza lenzi kuukuu. Haziweki kwenye kabati la kioo. Anazihifadhi kwenye ndoo za plastiki zenye vifuniko vya kubana, kila ndoo imetiwa vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Anaviokota kwa jirani yake, dada muuza viatu, ambaye naye hupigwa picha za pasipoti bure. Dar hii, aliniambia, ukiacha lenzi kabatini msimu mmoja wa mvua, inaota fangasi ndani kama mkate.

"Nataka ya kuvuta mbali, dada," nikasema. "Mia sita. Kama hakuna, basi mia tatu."

"Unapiga nini?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi, Zanzibar?"

Nikamweleza habari ya pipa. Alivaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani kwake. "Kutoka kwenye pipa mpaka kwenye sufuria ni hatua ngapi?"

"Mbali kiasi."

"Mbali kiasi siyo kipimo, kaka. Ukimwambia fundi suruali wewe ni mrefu kiasi, atakushonea nini? Nenda kahesabu, halafu urudi."

Nilikuwa sijawahi kufukuzwa dukani nikiwa na fedha mfukoni. Nilikwenda Mwananyamala kwa hasira kidogo. Nyuma ya nyumba ya mama mdogo kuna uwanja unaochangiwa na nyumba tatu, ndiko anakopikia siku zote. Nilimwuliza pipa hukaa wapi, akanionyesha kwa kidole bila kuacha kuchambua mchele, nami nikatembea kutoka hapo hadi kwenye mafiga, nikageuka, nikarudi.

"Umeangusha kitu?" akauliza.

"Nahesabu hatua."

"Maskini, na digrii zake."

Zilikuwa tisa. Niliporudi dukani, mwenye duka alitoka nje, akahesabu hatua tisa kwenye kibaraza, akamkalisha jirani yake muuza viatu kwenye stuli na kumpa kiatu kimoja akishike. Kisha akaanza kunifungia lenzi, moja baada ya nyingine. Ya mia tatu nilipoiweka jichoni, uso wa yule dada ulijaa mpaka kidevu kikakosa nafasi. Niliweza kuhesabu matone ya jasho juu ya mdomo wake.

"Mikono iko wapi?" mwenye duka akauliza.

"Haimo."

"Na mama yako anapikia nini, pua?"

"Jamani fanyeni haraka," alilalamika muuza viatu, "wateja wataniona nimechanganyikiwa, nimeshika kiatu kama mtoto mchanga."

Ndipo akafungua ndoo ya mwisho, akatoa lenzi fupi ya chuma, nyeusi, imechubuka kingoni, haizidi kikombe cha kahawa kwa ukubwa. Mia na thelathini na tano. Ina umri wangu au zaidi. Haina mota, unazungusha pete kwa mkono mpaka picha ikae sawa. Nikatazama. Kichwa, mabega, mikono, kiatu, vyote vilikuwepo, na ukuta wa nyuma ulikuwa umeyeyuka kama siagi. Nikazungusha kidogo, nywele zilizotoroka kwenye mtandio wake zikasimama moja moja. Sikuwa nimeona kitu kizuri hivyo mtaani Kinondoni, na bila shaka kilikuwepo muda wote.

Mwenye duka alinionyesha namna ya kusimama: viwiko vibane mbavuni, pumua nje, bonyeza pumzi ikiisha. "Lenzi ya mbali inavuta kila kitu," alisema, "mpaka woga wako. Mkono ukitetemeka kidogo, kwenye picha unakuwa umetetemeka sana. Ukipata kitu cha kuegemea, egemea."

Bei ilikuwa ndani ya fedha zangu, pamoja na kile kipande cha kuiunganishia na kamera. Mtu mwenye akili angelipa. Mimi nilisema nitafikiria. Ukweli ni kwamba niliona haya kwenda harusini na lenzi ya kikombe cha kahawa. Nilikuwa nimeshajiona, kwenye mawazo yangu, nikiwa na ile ya chupa ya chai, ndugu wakinipisha njia.

Kesho yake nikaenda Segerea kwa siri, kwa kijana mmoja aliyetangaza mia tatu kwa fedha nilizokuwa nazo kamili. Ilikuwa nene, inang'aa, ina mkoba wake. Nilishaanza kutoa fedha nilipokumbuka jambo ambalo yule mwenye duka wa Kinondoni alikuwa amelisema kama anavyomwambia kila mteja: popote utakapokwenda kununua, washa tochi ya simu nyuma ya kioo. Nikawasha. Ndani kulikuwa na utando mweupe, wenye matawi, umetulia kabisa kama uliolipia kodi.

"Hiyo ni vumbi tu, mzee," akasema muuzaji.

Neno "mzee" liliniuma kuliko fangasi. Nikarudi Kinondoni. Mwenye duka hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliivuta ile ndoo ya mwisho, akatoa lenzi ileile, na kwenye mkoba akanitilia vipakiti vitatu vya viatu. "Tochi iliwaka?" akauliza. Nikasema iliwaka. Basi.

Siku zilizobaki nilifanya mazoezi Madale, hatua tisa kutoka kwa mke wangu, mpaka akakataa kukaa kibarazani. Mikono ikajifunza pete. Nilijua kwa vidole mahali hatua tisa zinapokaa.

Asubuhi ya harusi nilifika Mwananyamala nimevaa kanzu, kamera shingoni, nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Moto ulikuwa umeshawaka. Na pipa halikuwa mahali pake. Bomba la mtaani lilikuwa halijatoa maji tangu juzi, jirani akawapa kutoka kwenye kisima chake, na mpira wa maji ulikuwa umeishia pembeni ya geti. Basi pipa likawekwa hapohapo getini, likajazwa mpaka juu. Nikahesabu. Hatua kumi na saba.

"Mama, si tulikubaliana hatua tisa?" nilipaza sauti.

Hakugeuka. "Tulikubaliana pipa. Hatua zako mie sizijui."

"Lakini pipa limehama!"

"Basi na mpaka umehama."

Wapishi wenzake, wanawake watano, walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Niliinua kamera. Kutoka getini mama mdogo alionekana mzima, kuanzia kandambili mpaka kilemba, pamoja na mafiga, masufuria matatu, na mgongo wa kila aliyepita. Uso wake ulikuwa mdogo kama wa kwenye sarafu. Nikawaza ile mia tatu ya Segerea, na kwa mara ya kwanza nikaufikiria ule utando wake kwa huruma.

Pipa la maji likijaa halisogei. Hilo halihitaji chuo kikuu. Lakini nilipokaa nikilitazama kwa chuki, mwanamke mmoja alikuja akachota ndoo mbili akaondoka, na maji yakashuka kidogo. Nikaelewa. Likiisha, litasogea. Nikavua kamera, nikaitundika kwenye msumari wa ukutani, nikakunja kanzu mpaka magotini, nikaanza kuchota.

Niliwapelekea maji waosha vyombo, ambao walikuwa upande wangu wa mpaka. Niliwapitishia wapishi ndoo juu ya pipa, nao wakazipokea kama bidhaa za forodhani. Maji ya kuoshea mchele, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Maji ya nyama. Maji ya viazi.

"Muoneni msomi wetu!"

"Kanzu imekuwa khanga hiyo!"

"Shemeji, ukimaliza hapa, na kwangu kuna ndoo."

Mgongo ulilia. Kiganja kimoja kilichubuka. Lakini nilikuwa sijawahi kukaa karibu na kazi ile kwa muda mrefu hivyo, na kila nilipoinuka na ndoo nilimwona mama mdogo akifanya kitu nilichokuwa nimekila maisha yangu yote bila kukiona. Vitunguu havikuachwa hata pumzi moja. Alivigeuza mpaka vikawa rangi ya kahawia ya karibu na kuungua, akasimamia hapohapo, pembeni kabisa, ambapo mimi ningeshaita zimamoto. Bizari, mdalasini, iliki na karafuu vilikwenda kwa kiganja, na kiganja hakikukosea. Wenzake hawakuhitaji kuambiwa. Alinyoosha mkono bila kutazama na kitu kilichotakiwa kilikuwa kimeshafika.

Mchele ulipotiwa, pipa lilikuwa limebaki robo. Nikayamimina yaliyobaki kwenye ndoo za waosha vyombo, nikalilaza pipa ubavu, nikaanza kulisukuma. Lilinguruma uwanja mzima. Kila mtu aligeuka. Nilipima kwa macho hatua tisa kutoka kwenye mafiga, nikizihesabu kwa sauti, nikalisimamisha hapo, nikajiweka nyuma yake.

"Mama," nikasema nikihema, "mpaka umehama."

Aliuangalia umbali ule, akaangalia pipa tupu, akaniangalia mimi nilivyolowa. Akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu msiba wa mama yangu. "Kumbe ada ya chuo haikwenda bure," akasema, akarudi kwenye sufuria.

Nikaichukua kamera ukutani. Mikono ilikuwa inatetemeka, si kwa woga, kwa ndoo arobaini. Kila nilichotazama kilikuwa kinacheza. Nikakumbuka: ukipata kitu cha kuegemea, egemea. Nikakunja kofia yangu, nikaiweka juu ya ukingo wa pipa, nikailaza lenzi juu yake. Picha ikatulia kama maji ya mtungini.

Hapo ndipo nilipomwona. Aliinua mkono wa kushoto, viganja vya wenzake vikaacha kazi, waosha vyombo nao wakanyamaza. Akainamisha kichwa upande, sikio karibu na kifuniko cha sufuria kubwa, akafumba macho. Alikuwa anasikiliza. Ndani ya sufuria maji yalikuwa yanaelekea kuisha, na yeye alikuwa akiyafuata kwa sikio mpaka tone la mwisho, ili ajue wakati wa kupalia makaa juu. Hiyo ndiyo sababu ya pipa. Si haya ya wali, si nadharia tatu. Alihitaji kimya, na watu wenye kamera hawanyamazi.

Kamera yangu nayo hainyamazi. Ina mlio kama mlango wa friji. Nilizungusha pete mpaka hereni yake ikakata kama wembe, nikapumua nje, na pumzi ilipoisha nikabonyeza mara moja. Kidole kilitaka kurudia. Nilikiondoa.

Mkono wake ukashuka. "Palieni," akasema, na makaa yakaanza kwenda juu ya kifuniko.

Niliitazama picha kwenye kiskrini na sikuona kitu. Miwani yangu ya kusomea ilikuwa Madale. Mwanaume aliyebeba lenzi ya kuona mbali hakuweza kuona sentimita thelathini kutoka puani. Hata niliporudi kwenye miwani, kiskrini kile kidogo hakikunithibitishia kitu, nikakaa na wasiwasi huo siku mbili.

Jumatatu mwenye duka aliifungua kwenye kompyuta yake, akaivuta karibu, akaipitia kutoka kona hadi kona. Mvuke ulikuwa umejikunja kwenye ukingo wa kifuniko. Mkono ulikuwa juu. "Umekosa macho," alisema mwishowe. "Umepata sikio."

Ilikuwa kweli. Macho yaliyofumbwa yalikuwa laini kidogo. Sikio, hereni, na mkunjo wa shingo vilikuwa vikali kabisa.

"Ndicho nilichokuwa nakitafuta," nikasema.

"Bila shaka," akasema, akanisafishia picha mbili kubwa, ya pili akakataa malipo. Alitaka kuitundika dukani, mahali lilipo bango la pasipoti.

Ile nyingine nilimpelekea mama mdogo. Alikuwa mkekani na mkwewe, ambaye ndiye aliyechukua mwiko, mwanamke makini asiyesema sana. Mama mdogo aliishika picha mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. Nilisubiri aseme amependeza au amezeeka.

"Nilikusikia," akasema. "Mara moja. Ungerudia ningekutupia mwiko."

"Najua, mama."

Akaendelea kutazama. Uso wake mwenyewe hakuushughulikia kabisa. Kidole chake kilikwenda kwenye ule mvuke uliojikunja kwenye ukingo wa kifuniko, kikakaa hapo.

"Hapa maji bado yapo," alisema. "Kidogo. Kama vijiko viwili hivi."

Kisha akamgeukia mkwewe, akampa picha, na kumgusa shingoni kwa vidole viwili kumwinamisha kichwa, taratibu, mpaka kikafika pale kilipotakiwa.

"Unaona? Siyo kuinama na mgongo. Shingo tu."